Mfadhili anaondoka Desemba: niwatoze ada wanachama au niende benki?

Mlezi wa Vikundi (mwenye uzi)
Wakuu, shikamooni wakubwa, naombeni ushauri. Nina miaka 12 hapa Dar nikiendesha vikundi vya wenye biashara zinazokua. Si wanaoanza. Ni wale wa wafanyakazi 20, 30, ambao biashara imekua mpaka imewazidi mikono. Wanakaa wanane, mara moja kwa mwezi, hakuna wawili wa biashara moja. Mmoja anaweka tatizo lake mezani, wenzake wanauliza maswali, kisha kila mtu anasimulia yaliyomkuta yeye. "Fanya hivi" hairuhusiwi.

Siku moja mwenye kiwanda cha unga alieleza, macho chini, kwamba benki imemnyima mkopo kwa kukosa hesabu zilizokaguliwa, na kwamba hela ya mahindi na ada za watoto zinatoka akaunti moja. Mama mmoja wa malori akamwambia, "Mimi nilikaa hivyo miaka sita," akasimulia alivyoanza kujilipa mshahara. Mwaka uliofuata yule bwana alikuja na hesabu zilizokaguliwa. Mimi nisingeweza kumfundisha hilo, maana sijawahi kulipa mishahara ya watu kwa hela yangu.

Sasa mfadhili anayetulipia anaondoka Desemba, nami nimepata kazi benki, kitengo cha mikopo. Wanachama wengine wanasema watachangia ili niendelee. Hofu yangu ni kwamba tumewazoesha kupewa nauli na chakula kila kikao.

Mama Alizeti
Pole dada. Futa nauli mwezi huu huu, usingoje Desemba. Watakaokuja ndio wako.

Wa Gikomba
Huku Nairobi kwenye chama tunachanga, na ukichelewa unatozwa faini. Hakuna anayenuna. Usione haya kutaja pesa.

Mzee wa Mahesabu
Binti yangu, Marekani vikundi vya wenye kampuni ni vya zamani: YPO ilianza 1950, Vistage ilianzia Milwaukee 1957, na wanachama hulipa wenyewe. Ila wewe piga hesabu yako. Ukumbi, mshahara wako, simu, kodi. Jumlisha kwa mwaka, gawanya kwa idadi ya wanachama. Kama kiasi hicho huwezi kukitamka mbele yao bila kutetemeka, nenda benki.

Kijana wa Kariakoo
Dada, kitu kimoja. Ukienda benki usiwaahidi kwamba utaendelea nao jioni. Nani atataja madeni yake mbele ya afisa mikopo?

Mlezi wa Vikundi
Asanteni sana. Kariakoo, hilo sikuliwaza kabisa, na nilikuwa nimeshamwahidi mmoja. Mzee wangu, nimepiga hesabu usiku: vikundi vitatu, watu 24. Naweza kukitamka. Mama Alizeti, nimewaandikia kwamba kikao cha Alhamisi hakina nauli. Kikundi cha kwanza wamethibitisha watano, na mama wa malori kasema chakula ataleta yeye.