Midnight Express: ya Condrey au ya Lane? Naomba mwongozo wa mapambano

Kamba Tatu:
Heshima kwenu wakuu. Siku hizi nimezama kwenye mieleka ya zamani ya Marekani, ile ya miaka ya 1980 chini ya promota Jim Crockett, na kila zikitajwa timu za watu wawili, Midnight Express hawakosi. Nikaanza na pambano lao linalosemwa sana, la onyesho la Starrcade 1986 dhidi ya Road Warriors, juu ya lile jukwaa lililotundikwa juu ya ulingo. Kusema kweli sikuona kitu. Watu wazima wanne wanatambaa juu ya ubao mwembamba wakiogopa kuanguka. Halafu nikatazama WrestleWar 1990, wao na Rock 'n' Roll Express, nikabaki mdomo wazi. Ila kule mwenzake Bobby Eaton ni Dennis Condrey, huku ni Stan Lane. Sasa timu kama hii tunaipimaje? Kwa mikanda? Na ipi ndiyo yenyewe?

Mtu wa Omni:
Ya Condrey, wala hakuna mjadala. Tarehe 2 Februari 1986, ukumbi wa Omni pale Atlanta, waliwavua Rock 'n' Roll Express mikanda ya dunia ya NWA, ule muungano wa kampuni za mieleka. Uhasama ule ulianza tangu 1984 kwenye kampuni ya mieleka ya Mid-South. Lane alikuja 1987 akakuta jina limeshajengwa.

Refa Hakuona:
Mkuu Kamba Tatu, umeanza na pambano baya kuliko yote kwa swali lako. Juu ya lile jukwaa hakuna kukimbia, hakuna kamba, hakuna kugusana mkono na mwenzako ili aingie kwa zamu yake, yaani kila kitu kinachoifanya timu kuwa timu kimeondolewa. Kilichobaki ni urefu na hofu. Linakumbukwa zaidi kwa sababu ya meneja wao, Jim Cornette, aliyejiachia kutoka juu baada ya pambano, mlinzi wake Big Bubba aliyetakiwa kumdaka akamkosa, na goti likaharibika kweli. Ni ushujaa, lakini haukwambii lolote kuhusu uwezo wa Eaton na Condrey.

Mikanda nayo niiweke pembeni. Mshindi anapangwa na mwenye kampuni. Mkanda unaonyesha promota alimwamini nani na alitaka kuuza tiketi za nani, basi. Mimi nikitaka kuipima timu ya maadui, wale wanaopangiwa kuchukiwa na mashabiki, naangalia katikati ya pambano, pale steringi anapokamatwa kwenye kona yao. Na simwangalii sana anayepiga. Namwangalia yule aliyesimama nje ya kamba.

Chukua pambano lao lolote na Rock 'n' Roll. Ricky Morton yuko chini, nywele zimemfunika uso, anajivuta kwa viwiko kuelekea kwa mwenzake Robert Gibson. Bado hatua moja afike. Hapo Condrey hamkimbilii kumpiga. Anamshika kifundo cha mguu tu, amemtulia. Gibson anapandwa na hasira, anaingia ulingoni, refa anageuka kumzuia. Sekunde hizo refa ametoa mgongo, Eaton anaingia, Condrey anatoka, hawajagusana mkono wala nini. Refa akigeuka anakuta mtu mwingine kabisa, anauliza kama mmegusana, Cornette anaapa kwa kila kitu kwamba ndiyo. Ukumbi mzima umeona isipokuwa mtu mmoja. Gibson kwa kutaka kumsaidia mwenzake ndiye aliyemponza, na mashabiki wanamlilia asiingie tena, naye anaingia tena. Timu nyingi zinafanya hivi. Midnight walijua lini. Walisubiri mkono wa Morton ukaribie kabisa, siyo mapema, kwa hiyo kila mara uliamini kwamba safari hii atafika.

Kwa hilo Condrey alikuwa fundi, nakubaliana na Mtu wa Omni. Alikuwa na ubaya wa kimyakimya, haruki, haonyeshi madoido, anakukandamiza tu hadi pumzi ikuishie. Ukitaka kuona ukatili, tazama wa Condrey.

Lakini nikilazimishwa kuchagua timu kwa mapambano yenyewe, nachagua ya Lane, na sababu ni wapinzani. Condrey na Eaton walifikia kilele wakiwa na Rock 'n' Roll, na sijui nani asingefikia kilele na Morton akiwa ndiye anayepigwa. Lane na Eaton walipata watu wa kila aina, na kila mmoja walimtengenezea pambano la vipimo vyake. Fantastics, Bobby Fulton na Tommy Rogers, Clash of the Champions ya kwanza, Greensboro, 27 Machi 1988: hilo ni vurugu tangu kengele, hakuna aliyekumbuka kwamba kuna utaratibu wa kugusana mkono. Septemba mwaka huohuo wanakutana na Arn Anderson na Tully Blanchard pale Philadelphia, maadui kwa maadui, na mashabiki wanaamua wenyewe kuwashangilia Midnight. Wakaondoka na mikanda ya dunia huku ile ya Marekani wakiwa nayo tayari.

Halafu kuna Great American Bash, Baltimore, 7 Julai 1990, dhidi ya Southern Boys. Hapa ndipo ninapotaka ufike. Steve Armstrong na Tracy Smothers hawakuwa nyota wakubwa hata kidogo. Lane anajulikana kwa mateke yake ya karate, basi Smothers anamsimamia naye kwa mkao wa karate. Wanarushiana mateke, ukumbi unapanda, na Lane anakubali kuonekana amepatikana kwenye mchezo wake mwenyewe. Eaton naye akipigwa ngumi moja anapepesuka kana kwamba hajui yuko mji gani. Bingwa anayeogopa kuonekana mdogo hawezi kufanya hivyo. Midnight walitoka na mikanda yao, na Southern Boys wakatoka wakionekana timu ya kuogopwa. Kwangu hicho ndicho kipimo: yule uliyepigana naye amebaki na thamani gani kengele ikishalia?

Mtu wa Omni:
Hoja nzuri mkuu, ila unamnyima Condrey haki yake. Kumbi za Mid-South za 1984 zilikuwa zinachemka kwa sababu watu walimchukia kwa dhati. Kufikia 1988 nusu ya ukumbi ilikuwa inawashangilia Midnight. Adui anayeshangiliwa kazi imeshamshinda.

Refa Hakuona:
Kuchukiwa kwa kiwango kile ni kazi kubwa, sipingi. Ila hiyo shangwe haikuja kwa sababu Lane alilegea. Watu walikuwa wamemtazama Eaton kwa miaka, wakachoka kujifanya hawaoni. Yule bwana wa Huntsville, Alabama, alikuwa anaruka kutoka kamba ya juu na kushusha paja shingoni mwa mtu, ile Alabama Jam, na hakuna aliyemshinda kwa uzuri wake. Ngumi yake ya kulia ndiyo bora kuliko zote nilizoziona kwenye mieleka. Alipofariki Agosti 2021 waliomlilia ni pamoja na watu aliokuwa akiwapiga kila wiki. Mimi nilihuzunika sana. Alikuwa uti wa mgongo wa timu zote mbili tunazobishania hapa, na ndiyo maana ubishi wetu unawezekana. Ukimtoa yeye hakuna Midnight ya Condrey wala ya Lane.

Kamba Tatu:
Asanteni sana wakuu, nimepata darasa. Na Cornette je? Kwenye WrestleWar alitaka kuzipiga na refa Nick Patrick, nikaona dakika zinapotea kabla mambo hayajaanza.

Refa Hakuona:
Dakika zile hazipotei. Ukumbi ulikuwa umewaona Midnight na Rock 'n' Roll kwa miaka sita, ukiwaanzishia kwa kasi mtajikuta mmemaliza akiba kabla ya kumkamata Morton. Cornette anawachekesha, Eaton na Lane wanakosakosa na kuaibishwa, watu wanajiachia. Ndipo wanapokikata kicheko hicho, na inauma zaidi kwa sababu ulikuwa unacheka. Lirudie tena kuanzia pale Cornette anaposhuka ulingoni, umwangalie Lane akiwa nje ya kamba.

Mtu wa Omni:
Na akitoka hapo aende Starrcade 1988, Norfolk. Condrey anarudi na Randy Rose, wanajiita Midnight Express wa asili, meneja wao Paul E. Dangerously, wanapigana na Eaton na Lane. Condrey na Lane kwenye ulingo mmoja. Eaton na Lane walishinda, hilo nalikubali bila kinyongo, lakini tazama Condrey anavyomshughulikia Eaton kama mtu anayemfahamu ndani na nje.