Tupeane uzoefu: uliyesoma makuzi ya mtoto sekondari, yalikufaa nini?

Mama Langoni
Asalaam aleikum wana Amu na Malindi. Mwanangu wa kike yuko gredi ya 10 amechagua homsayansi, ndani kuna mambo ya mimba, kunyonyesha, chanjo na malezi ya mtoto mchanga. Babake hataki, yuwasema hayo atafundishwa na nyanyake bure. Mimi naona ni somo zito. Mliosoma hebu semeni, na wanaume pia.

Nesi wa Malindi
Waaleikum salaam dada. Nilisoma somo hilo enzi za 8-4-4, ule mtaala wa zamani, na ndilo lililonitia unesi. Mtihani wa vitendo ulikuwa kushona na kupika tu, mtoto mwenyewe humuoni, na hilo laniuma mpaka leo. Lakini nilitoka nikijua BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, hupewa akizaliwa, penta, ile ya magonjwa matano, wiki ya 6, 10 na 14, surua miezi 9 halafu tena 18. Hiyo ya 18 ndiyo wengi hawarudi kwa sababu mtoto ashakimbia huku na huku, mama aona amemaliza. Juzi mmoja alikuja kwa hasira kwa nini anasumbuliwa, nikamfungulia kile kijitabu cha mama na mtoto nikamwonyesha mstari wa uzani ulivyolala badala ya kupanda, akanyamaza, kisha akaanza kuniuliza ampe chakula gani na mara ngapi kwa siku. Tukakaa sana.

Baba wa Shela
Darasani wavulana tulikuwa wawili na tulichekwa sana. Sasa nina mtoto na hakutambaa kabisa, alikuwa akijiburuta kwa makalio kwenye mkeka. Nyumba nzima ikaingia wasiwasi, mara apelekwe kusomewa, mara achimbiwe shimo mchangani asimamishwe. Nikakumbuka mwalimu alisema wengine huiruka hatua hiyo, nikatafuta nikakuta utafiti wa WHO, lile Shirika la Afya Duniani, uliotoka 2006, walifuata watoto wa nchi tano, Ghana na Oman zikiwemo, na kama 4 kwa kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti, na kutembea peke yake ni popote kati ya miezi 8 na 18 hivi. Nikamsomea mamangu pale ilipotajwa Oman, akatulia. Alitembea kabla ya Idi.

Bi wa Matondoni
Wanangu mimi shule sikwenda na nimelea wangu na wa wenzangu. Msidharau ya nyanya. Mtoto tangu arubaini sisi twampakata, twamuimbia, twamsemesha kama mtu mzima, twajifunika mtandio usoni tukifunua acheka. Nani alitufundisha?

Mwalimu Mokowe
Shikamoo Bi. Hayo yako yote yamo vitabuni. Mtafiti mmoja wa watoto, Mary Ainsworth, alikaa vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955 akiwatembelea kina mama majumbani mwao, na alichokiona pale kuhusu mtoto anavyomshika mamake na kumkataa mgeni kikatoka kitabuni 1967 na sasa chafundishwa dunia nzima. Na mtandio, Piaget, mtaalamu wa Uswisi wa akili za watoto, alionyesha mtoto chini ya miezi 8 hivi ukimfunikia kitu hakitafuti, kwake hakipo tena.

Ila babake binti nimwambie, nyanya anafundisha kulea, somo linafundisha kutazama. Niliwapa wanafunzi wangu kazi wamtazame mtoto wa nyumbani nusu saa baada ya alasiri, waandike alichofanya tu, sio wanachodhani. Mmoja kaandika nduguye wa mwaka na nusu alichukua kifuniko cha sufuria akakijaribu kwenye kikombe, kisha ndoo, kisha kichwa cha paka. Huyo mtoto anapima ukubwa jamani! Uingereza wana somo la makuzi ya mtoto peke yake, na mwanafunzi lazima amtazame mtoto wa mwaka 1 hadi 5 na kumpangia michezo. Wetu wamalize shule bila hilo, naona ni hasara kubwa.

Mama Langoni
Allah awajaze kheri, nimemsomea babake yote, ameniomba tu nimsomee tena pale pa Bi wa Matondoni. Mwalimu, binti aweza kuanza hiyo kazi mwenyewe? Jirani ana wa miezi 6.

Mwalimu Mokowe
Aanze leo. Aombe ruhusa kwa mamake mtoto kwanza na jina asiliandike daftarini. Afunike kichezeo kwa mtandio aone kama atakitafuta, aandike tarehe, halafu arudie mtoto akifika miezi 9.