Sheria za 1978 ziliua mbio NFL?

Jabali: Wakuu, naleta hoja: katika NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, sheria za 1978 ziliua mbio, yaani kukimbia na mpira badala ya kuurusha. Januari 1974 Miami walitwaa Super Bowl, fainali ya ligi, 24–7, na kwotabeki wao (mrushaji wa pasi) Bob Griese alirusha pasi 7 tu mchezo mzima. Mkimbiaji wao Larry Csonka alikimbia yadi 145, wapinzani wao Minnesota hawakuwa na dawa. Kisha 1978 ligi ikamkataza beki kumsukuma mpokeaji wa pasi akishavuka yadi 5, na walinzi wa kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja. Mbio hazikuzidiwa uwezo, zilionewa.

BintiDenver: Ulitaka tuendelee kutazama watu wakirundikana katikati, yadi mbili, yadi tatu, kisha mpira upigwe kwa wapinzani? Sheria hizo ndizo zilizotupa Dan Marino, kwotabeki wa Miami, wa 1984: yadi 5,084 za pasi, pasi 48 za tachidauni (za kufunga), na alikuwa mwaka wa pili tu!

Jabali: Dada, Marino huyo alistaafu bila taji. Fainali ya msimu uleule San Francisco waliwatandika 38–16.

Simba wa Detroit: Hapo umenigusa, mkuu. Kama taji ndiyo kipimo, mkimbiaji wetu Barry Sanders tumweke wapi? 1997 alikimbia yadi 2,053. Eric Dickerson, 1984 hiyohiyo ya Marino, 2,105. Hawana taji wote wawili. Acha kuwabebesha wachezaji makosa ya timu zao.

Jabali: Nani kamtaja Barry hapa?

Mzee Kifimbo: Mnazunguka tu. Fainali ya Februari 2015, Seattle wako yadi moja tu wafunge, mkimbiaji wao Marshawn Lynch yupo pale, wakarusha! Malcolm Butler, beki wa New England, akadaka. Kocha alilitoa taji kwa mikono yake mwenyewe. Bado inaniuma.

BintiDenver: Shikamoo mzee, ila hapo sikubali. Zilibaki sekunde 26 na taimauti (ruhusa ya kusimamisha saa) moja. Pasi ikianguka, saa inasimama, na kati ya nafasi nne za kushambulia bado una mbili za kumpa Lynch. Tena alikuwa ametoka kupewa, Dont'a Hightower wa New England akamwangusha kabla ya mstari wa kufungia.

Mzee Kifimbo: Marahaba. Kumwangusha mara moja si mara tatu! Kama hujawahi kumwona Lynch akiburuta watu, usinifundishe mambo ya saa.

BintiDenver: Nimemwona sana. Mara tatu zote kwa miguu, muda ungewaishia uwanjani.

Jabali: Jamani, 1978...

Simba wa Detroit: Achana na 1978. Msimu wa 2024 Saquon Barkley alikimbia yadi 2,005 na Philadelphia wakabeba kombe, sheria zikiwa hizohizo. Sasa nani kaua mbio?

BintiDenver: Kwenye fainali Kansas City walimbana Barkley, mbio 25 kwa yadi 57. Aliyewamaliza ni Jalen Hurts, kwotabeki wa Philadelphia, kwa pasi.

Mzee Kifimbo: Walijazana mbele kwa kumhofia Barkley, nyuma kukabaki wazi! Na huyo Hurts alikimbia yadi 72, kumzidi Barkley. Hizo nazo utaziita pasi?