Ushauri: Nilifuta maoni ya wazazi kwenye ukurasa wa kituo chetu cha afya, sasa hawatuamini

Nesi wa Zamu
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Ukurasa wa Facebook wa kituo chetu uko mikononi mwangu. Kila wiki naposti bango: naweni mikono, pimeni presha. Laiki tatu nne, zote za wafanyakazi wenzangu.

Juzi nikaposti tangazo la chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi mmoja akaandika, "Hii si ndiyo inayofunga kizazi?" Mara wengine wakadakia, mmoja akaleta sauti iliyosambazwa WhatsApp. Nikapaniki, nikafuta yote. Sasa wanasema tumefuta kwa kuwa ni kweli. Inaniuma sana, nimewauguza kina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi. Nifanyeje?

Mkunga Mkongwe
Pole mwanangu. Msome tena huyo mzazi: aliuliza, hakutukana. Ukafuta swali lake.

Rudi uandike kwa jina la kituo: tulifuta maoni yenu, tulikosea, ulizeni tutajibu. Kisha jibu kweli. Anza na lililo kweli: chanjo inakinga virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Uvumi utaje mara moja, useme haifungi kizazi, urudi kwenye ukweli. Usiuweke kwenye bango kwa herufi kubwa, maana wengi husoma herufi kubwa tu na kupita.

Fundi Mitandao
Dada, mabango yako yanaamuru tu, mtu atajibu nini? Mwaka 2011 CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliandika namna ya kujiandaa na uvamizi wa mazombi, wale wafu wanaotembea wa kwenye filamu. Ndani yake mlikuwa na maji, chakula, dawa, yaleyale ya kujiandaa na kimbunga. Watu walifurika hadi seva ikazidiwa. Sikwambii uige mazombi, nasema walianza na jambo ambalo watu tayari walikuwa wanalizungumza.

Pia fungua inboksi. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha huduma ya WhatsApp ya kujibu maswali ya korona, mtu anauliza akiwa peke yake na simu yake. Ila habari za mgonjwa zisijadiliwe kwenye maoni hata akianza yeye.

Nesi wa Zamu
Asanteni. Nimeomba ridhaa ya mganga mkuu, nimeandika ile samahani. Wawili wamenisema vibaya, nimewaacha wabaki. Saa nne usiku mama mmoja kaja inboksi: "Binti yangu ana miaka 11, hajavunja ungo. Si mapema mno?"

Mkunga Mkongwe
Mjibu leo leo. Mwambie huo ndio umri wake, chanjo hukinga vizuri zaidi kabla binti hajakutana na virusi. Na muulize siku gani anaweza kumleta.