Naomba ushauri: kuonyesha Kill! kwa wasiojua filamu za samurai

Wadau, salaam. Naombeni ushauri kuhusu Kill!, filamu ya samurai (wapiganaji wa zamani wa Japani) iliyoongozwa na Kihachi Okamoto (1968), inayotania filamu za aina hiyo. Watazamaji wangu hawajawahi kuona filamu ya samurai, na utani wa Kill! unategemea kuzoea filamu hizo: mji mtupu, upepo, vumbi, halafu wanaume wawili wenye njaa wanamwania kuku. Asiyejua kinachodhihakiwa anaona kuku tu. Kueleza kabla kumejaribiwa, kicheko kikafa. Kutanguliza Yojimbo (1961), filamu ya samurai ambamo Tatsuya Nakadai, nyota huyohuyo wa Kill!, ni katili mwenye bastola, kungefaa kabisa, ila zote mbili kwa pamoja zinachukua karibu muda wa saa nne.

Je, mwanzo wa Yojimbo, hadi mbwa apite na mkono wa mtu mdomoni, unatosha? Au nionyeshe nzima siku tofauti?