Paja limevunjika, mbona mapafu ndiyo yaliyolemewa?

Mkazi wa Kondele, Kisumu

Hamjambo nyote. Shemeji yangu alikuwa abiria wa boda boda iliyogongwa na lori karibu na Ahero, akavunjika paja na nyonga, na akapoteza damu nyingi. Kifua chake hakikuguswa, na eksrei ya siku ya kwanza ilikuwa safi. Siku ya tatu alianza kuhema kwa kasi, oksijeni ya barakoa ikawa haimtoshi, na eksrei mpya ikaonyesha weupe umetanda katika mapafu yote mawili. Sasa anapumua kwa mashine. Daktari ametueleza kwamba safaktanti ya mapafu yake, ule utando unaozuia vifuko vya hewa visijifunge, imeharibika. Nijuavyo, watoto wanaozaliwa kabla ya wakati hupewa safaktanti kama dawa. Mbona yeye hapewi? Na jeraha la mguu limefikaje kifuani?

Muuguzi wa wagonjwa mahututi, Nakuru

Pole sana, ndugu. Nitajibu swali la pili, la kwanza niwaachie wenye kemia yao. Mtu akijeruhiwa vibaya na damu ikampungukia, kinga ya mwili mzima huamka, si ya mguuni peke yake. Damu yote hupitia mapafuni, na humo chembe nyeupe za damu zilizochokozwa hukwama katika mishipa midogo na kumwaga kemikali zinazozilegeza kuta zake, hata maji yenye protini yakavujia ndani ya vifuko vya hewa. Tena mfupa mrefu ukivunjika, matone ya mafuta ya uboho huingia katika damu na kunasa mapafuni, na dalili zake kwa kawaida hujitokeza kati ya saa 24 na 72, ndiyo maana eksrei ya kwanza haikuonyesha lolote. Kuongezewa damu nyingi nako huweza kuchangia. Hali hii ya mapafu kushindwa kazi ghafla, ambayo wodini tunaiita ARDS, ilielezwa mwaka 1967 na daktari Ashbaugh na wenzake kutokana na wagonjwa 12, baadhi yao wakiwa majeruhi, na tangu ripoti hiyo safaktanti imekuwa ikitajwa.

Mwalimu wa baiokemia, Maseno

Safaktanti ni utando ambao takriban asilimia 90 yake ni mafuta, hasa fosfolipidi, na sehemu iliyobaki ni protini. Hupunguza mvutano wa maji yaliyo ndani ya vifuko vya hewa, mfano wa sabuni, ili vifuko visijifunge mtu anapotoa pumzi. Kwa mtoto njiti, seli zinazoitengeneza hazijakomaa, jambo ambalo watafiti Avery na Mead walilibainisha mwaka 1959. Ukimpa, umeziba pengo.

Kwa majeruhi kisa ni kingine kabisa. Safaktanti alikuwa nayo, ila inaharibiwa kila inapotengenezwa: protini za albumini na fibrinojeni zilizovuja kutoka kwenye damu huipokonya nafasi juu ya maji, vimeng'enya vya fosfolipasi huikatakata fosfolipidi, kimeng'enya cha elastasi cha chembe nyeupe huzimeng'enya protini zake, na seli zinazoitengeneza zenyewe zimeumia. Dawa ukiimimina humo inakutana na maadui walewale. Majaribio makubwa kwa watu wazima hayakupunguza vifo. Katika lile lililochapishwa mwaka 2004 oksijeni iliongezeka wakati wa matibabu, lakini waliopona hawakuzidi. Kwa maoni yangu, daktari wenu hajamnyima kitu.

Mkazi wa Kondele, Kisumu

Nashukuru, Mwalimu, nawe Muuguzi. Lakini mashine yenyewe tunaambiwa imewekwa pumzi ndogo, na mgonjwa analazwa kifudifudi. Je, hewa itamtosha?

Muuguzi wa wagonjwa mahututi, Nakuru

Itamtosha, na pumzi ndogo ni kinga. Vifuko vilivyobaki wazi ni vichache, na pumzi kubwa ingevinyoosha kupita kiasi, na huko kunyooshwa huivunja safaktanti iliyosalia kuwa vipande visivyofanya kazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulilinganisha pumzi za mililita 12 na za mililita 6 za hewa kwa kila kilo ya uzito, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 40 hadi 31. Kilo hizo hukadiriwa kwa urefu na jinsia, si kwa mizani, kwa hiyo msishangae mkiona muuguzi anampima shemeji yenu kwa utepe kitandani. Kulala kifudifudi kwa saa nyingi mfululizo, aghalabu 16 au zaidi, hufungua sehemu za nyuma za mapafu zilizojifunga, ingawa kwa mtu aliyevunjika nyonga kumgeuza ni kazi ya watu kadhaa, na lazima daktari wa mifupa aridhie kwanza.