Mjusi wa Tendaguru: arudi Lindi, abaki Berlin, au tunadai kitu kisicho sahihi?

Mbwemkuru (mleta mada)

Wakuu, hoja ya kumrudisha mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria mkubwa iliyoko Berlin, imeshaulizwa hadi bungeni, na kila ikizuka watu hubishana kwa hasira bila vipimo. Naileta pamoja na vipimo vyake.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler alioneshwa mifupa mikubwa karibu na kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart kuthibitisha. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakachimba, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, baadaye Hans Reck. Kazi ilipopamba moto, vibarua walikaribia 500. Zaidi ya tani 220 zilivuka bahari. Punda na ng'ombe hawakufaa kwa sababu ya ndorobo, kwa hiyo kila kilo ilikwenda kichwani au begani, mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Gawanya tani hizo kwa mzigo wa kilo 30, unapata zaidi ya mizigo 7,000. Na mfupa wa mkono wa juu wa yule mjusi mkubwa una urefu wa sentimita 213, haubebwi na mtu mmoja.

Kumbukeni pia wakati wenyewe. Maji Maji ilizimwa 1907. Wamwera, wenyeji wa eneo lile, walikuwa miongoni mwa waliopigana, na baada ya vita ikaja njaa. Miaka miwili baadaye anafika mtu mwenye fedha na kutangaza vibarua. Nani alikuwa na ubavu wa kukataa?

Leo mjusi huyo amesimama Berlin akiwa na kimo cha mita 13.27, mifupa yenye kimo kikubwa kuliko yote iliyosimamishwa ndani ya jengo. Msimamo wangu: arudi.

Kitope

Ndugu Mbwemkuru, umeandika vizuri, ila tuanze na kitu chenyewe. Yule anayeonekana ukumbini si mnyama mmoja. Sehemu kubwa ni ya mnyama aliyetoka shimo lililopewa herufi S, akaandikwa S II. Vilivyokosekana vilijazwa kwa mifupa ya wanyama wengine wa kimo kinachokaribiana, na kwa plasta. Fuvu lililo juu ya shingo ni nakala. La asili lilitoka shimo jingine kabisa, t1. Pingili za shingo na mgongo zinazoonekana pale ni za kutengenezwa, kwa sababu za asili ni nzito na dhaifu mno kuning'inizwa. Mkidai "mjusi arudi" mtapewa chuma, nakala na sehemu ya mifupa. Hati ya madai lazima itaje namba, siyo mnyama.

Halafu uhifadhi, maana hapa ndipo maneno matamu hukutana na chumvi ya bahari. Mifupa iliyogeuka jiwe haiozi, lakini huvunjika. Ikichimbwa enzi zile ilipakwa laki (aina ya vanishi) na gundi ili isimeng'enyuke. Laki hiyo ya zamani hulainika joto likipanda, na viungo vilivyogundishwa huanza kuteleza taratibu. Plasta ya kuzibia nyufa hunywa unyevu. Fito za chuma zilizopitishwa ndani ya mifupa hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na mfupa hupasuka kutoka ndani. Unyevu wa hewa unatakiwa ukae kwenye asilimia 45 hadi 55, usiku na mchana. Kama kuna chembe za pairaiti (madini ya chuma na salfa) ndani ya mfupa, kuvuka asilimia 60 ni kuita tindikali ianze kuula. Lindi iko ufukweni. Jengo lenye dari la mita 15, viyoyozi visivyozimika na jenereta ya akiba si gharama ya kujenga tu, ni gharama ya kila mwezi, milele.

Daftari

Kitope, yote hayo ni kweli, lakini hoja ya "ni dhaifu, hasafiri" imeshakufa. Mwaka 1984 mjusi huyohuyo alipelekwa Tokyo kwenye maonesho na akarudi. Mwaka 2005 alibomolewa wote, akasimamishwa upya na kuoneshwa 2007, safari hii kwa vishikizo vinavyoruhusu mfupa mmoja mmoja kutolewa bila kugusa mingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifunguliwa akafichwa chini ya jengo. Na Berlin haikuwa salama kiasi hicho: jengo lilipigwa bomu Februari 1945, na mifupa mingi ya Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni, haijulikani ilipo tangu vita ile. Wanaosema "kule kuna usalama" wasome hilo mara mbili.

Kitope

Hilo la Tokyo nakupa. Lakini angalia, alikwenda na kurudi akiwa na timu ileile iliyomjua kila ufa. Kuhamisha moja kwa moja ni kazi nyingine. Kila mfupa upigwe picha pande zote na kuandikiwa hali yake kabla; ulazwe kwenye sponji iliyochongwa kwa umbo lake; na kreti ikifika isifunguliwe siku hiyohiyo. Iachwe imefungwa chumbani mpaka kilichomo kilingane na joto la chumba, ama sivyo unyevu utaganda juu ya mfupa baridi. Wasioijua kazi hufungua haraka kwa sababu waziri anasubiri kukata utepe.

Kifungu 246

Niingie upande wa sheria, kwa kuwa jina langu hapa linatokana na kioja chenyewe. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani mambo mawili: irudishe Kurani ya Khalifa Othman kwa mfalme wa Hijazi, na ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6. Fuvu! Katikati ya mkataba uliogawa nchi na meli za kivita. Lakini kuhusu tani 220 za Tendaguru, zilizokuwa zimetua Berlin miaka michache tu nyuma, mkataba hauna hata sentensi moja.

Kwa nini? Tazama kilichofuata. Mwaka 1924 makumbusho ya London yakapeleka msafara wake Tendaguru, ukachimba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mifupa ikaenda London, ambako mingi haijawahi kuchapishiwa maelezo kamili. Mtu anayetaka kuchimba shimo lilelile hawezi kumshitaki aliyemtangulia. Anayedai Berlin pekee na kuisahau London anafanya nusu ya kazi.

Sasa sheria yenyewe. Brazil ilimrudisha dinosaria wake Ubirajara kutoka Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 2023 kwa sababu ilikuwa na sheria ya tangu 1942 inayoyafanya mabaki hayo kuwa mali ya taifa. Mongolia ilimpata dinosaria wake Tarbosaurus kutoka Marekani mwaka 2013 kwa njia hiyohiyo. Tendaguru hatuna silaha hiyo. Sheria iliyokuwepo ilikuwa ya mkoloni mwenyewe: amri ya 1895 iliyoifanya ardhi "isiyo na mwenyewe" kuwa mali ya dola ya Kijerumani. Mkataba wa UNESCO wa 1970 kuhusu biashara haramu ya mali za kitamaduni haurudi nyuma kugusa ya kabla yake. Mahakamani tutashindwa. Njia iliyobaki ni ya kisiasa.

Mbwemkuru

Wakili, "isiyo na mwenyewe" wakati wenyewe ndio waliomwonesha Sattler mifupa ilipo? Amri hiyo hiyo ndiyo ushahidi wa dhuluma, isiwe kinga yake.

Kifungu 246

Ndiyo maana nasema siasa. Ukienda kwa hakimu na hoja hiyo atakuuliza sheria gani ilivunjwa wakati ule. Ukienda kwa waziri wao na hoja hiyohiyo, inauma. Ila nako tumejifunga wenyewe kidogo: Mei 2018 Balozi Augustine Mahiga, Waziri wetu wa Mambo ya Nje wakati huo, alieleza kwamba serikali haikusudii kudai mjusi arudi, bali inataka ushirikiano katika uchimbaji. Kauli ya waziri si sheria, inaweza kubadilishwa, lakini ndiyo ya kwanza watakayotusomea mezani.

Msomaji Mkimya

Mimi naona abaki. Watu wengi wanamwona kule. Huku atapigwa vumbi.

Daftari

Hilo nalo ni jibu, lakini halijagusa swali la mwenye mali. Mahali kitu kilipo na mwenye kitu ni mambo mawili. Mfano upo tena Berlin palepale: Agosti 2022 taasisi inayosimamia makumbusho mengine ya jiji hilo ilisaini kuhamisha umiliki wa vitu zaidi ya 500 vya ufalme wa kale wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, kwenda Nigeria. Theluthi moja hivi vikabaki Berlin kwa mkopo wa miaka 10. Vipo kule, ila mwenyewe ni Nigeria. Mjusi akibaki ukumbini na kibao kikasomeka "mali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kwa mkopo", hoja zote za Kitope za chumvi na viyoyozi zinaahirishwa bila kuua hoja ya Mbwemkuru.

Lakini la kwangu ni jingine. Mnagombea mjusi mkubwa kwa sababu anaonekana. Hazina haiko pale. Iko kwenye makabati: maelfu ya mifupa, madaftari ya shambani, michoro ya mashimo, na mafurushi ya mianzi. Plasta ilikuwa haba porini, hivyo mifupa dhaifu ilizungushiwa udongo na kufungwa kwa mianzi iliyopasuliwa, kisha ikasafirishwa hivyohivyo. Baadhi ya mafurushi hayo yalikaa zaidi ya miaka 100 bila kufunguliwa. Ndani yake kuna udongo wa Tendaguru ambao haujaguswa, wenye chavua na visukuku vidogo ambavyo mfupa uliosafishwa hauna tena. Anayeyafungua kwanza, akachapisha kwanza, ndiye mwenye sayansi. Hayo ndiyo ya kuyawahi.

Na bila madaftari, mfupa ni jiwe. Mmekumbuka kisa cha fuvu la Mkwawa hadi mwisho? Mkwawa alijiua 1898. Fuvu lilipotafutwa, Gavana wa Tanganyika, Twining, alikwenda makumbusho ya Bremen, akakuta lundo la mafuvu yasiyo na majina, akachagua moja kwa vipimo vya kichwa, likakabidhiwa Kalenga mwaka 1954. Ubishi kama ndilo au silo haujaisha. Mifupa ya Tendaguru ina bahati ya kuwa na herufi za mashimo: S, t, St, Ig. Herufi hizo zikipotea safarini, tumerudia Bremen.

Mwana wa Kusini

Katika posti zote hizi hakuna aliyemtaja Boheti bin Amrani. Ndiye nyapara mkuu wa Wajerumani, alijua kuutoa mfupa mwambani kuliko wengi wa wageni, na Waingereza walipokuja 1924 walimtafuta yeye. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa ajili ya Wamwera na Mohammadi Keranje, msimamizi mwingine wa uchimbaji. Miaka 100 kuchelewa, lakini yapo.

Upande wa pili kuna Dysalotosaurus lettowvorbecki, mjusi mdogo mla majani, aliyepewa jina la jenerali wa Kijerumani mwaka 1919. Kanuni za majina ya wanyama haziruhusu kubadilisha jina kwa sababu linachukiza. Kwa hiyo hata mifupa yote ikirudi, kibao cha Lindi kitaendelea kumtaja Lettow-Vorbeck. Mjiandae.

Pendekezo langu: msianze na yule wa mita 13. Anzeni na Elaphrosaurus. Ni mjusi mwepesi wa jamii ya wala nyama, urefu wake kama mita 6, kiunzi cha rejea ni kimoja tu duniani na kichwa chake hakijawahi kupatikana. Anaenea kwenye ukumbi wa kawaida. Pamoja naye ombeni fungu la Dysalotosaurus: shimo Ig lilijaa mifupa ya aina hiyo ya kila umri, inagawanyika bila Berlin kupungukiwa. Karonga, Malawi, walifungua makumbusho mwaka 2004 kwa nakala tu ya dinosaria wao Malawisaurus, na mji ule ni mdogo kuliko Lindi.

Mbwemkuru

Kuanza na mdogo kunanitia wasiwasi. Huwa tunapewa mdogo, tunapiga picha, na mkubwa anasahaulika.

Mwana wa Kusini

Basi ratiba ya wote iandikwe ndani ya mkataba mmoja: umiliki siku ya kusaini, Elaphrosaurus mwaka jengo likikaguliwa na kupita, mafurushi yafunguliwe kwa timu ya pamoja, na hakuna kufungua hata moja kabla ya hapo. Kifungu kisichoandikwa tarehe au sharti kitalala.

Kitope

Ongeza faili za skani za pande tatu. Haki ya kuchapa nakala iwe ya pande zote mbili tangu siku ya kwanza. Wengi hupewa mfupa, wakasahau faili, kisha wakauziwa nakala ya mali yao.

Mbwemkuru

Nimekubali hilo la umiliki kwanza, ingawa bado nataka arudi. Wakili, barua inaandikwa na nani, kwenda kwa nani? Mkoa unaweza?

Kifungu 246

Mkoa hauwezi. Ni serikali kwa serikali, kupitia Mambo ya Nje, ikiwa na kiambatisho kutoka Idara ya Mambo ya Kale chenye orodha ya namba. Lakini nakala iende pia kwa makumbusho yenyewe. Tangu 2009 si idara ya chuo kikuu tena, ni taasisi ya umma inayojitegemea, na serikali yao ikipenda inaweza kutuambia mali si yake, ni ya taasisi. Taasisi nayo itatuambia tuisubiri serikali. Mkiandika kwa mmoja tu, mtazungushwa. Na barua ya tatu, yenye herufi zilezile za mashimo, iende London siku hiyohiyo.